Siku sita barabarani kumfuata Sifa

Nimesharudi nyumbani, gari limeshaoshwa, na sasa ndiyo nimepata nafasi ya kuyapanga haya. Nimeyatoa kwenye daftari dogo nililokuwa nalitia mfukoni, kwenye picha za simu, na kwenye risiti nilizozikusanya ndani ya bahasha moja. Pale daftari liliponyamaza, nami nimenyamaza.

Kilichonitoa nyumbani ni picha. Rafiki yangu anayejitolea kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa, mbali sana na kwangu, alinitumia picha ya mbwa jike wa rangi ya majani makavu. Sikio moja limesimama, jingine limelala, na mwenyewe ameketi nyuma kabisa ya banda lake. Chini ya picha aliandika: "Anaitwa Sifa. Ana miaka saba. Huu ni mwezi wa tano anasubiri. Watu wanampita wakiwaendea watoto wa mbwa." Sikumjibu siku ile. Siku ya tatu nilimpigia mdogo wangu simu, nikamwuliza gari lake lina hali gani.

Kabla hujafunga safari kama hii, malizana na kituo kwa simu kwanza. Mimi waliniuliza nani atashinda na mbwa mchana, uzio una urefu gani, kama nyumba ni yangu au ya kupanga, kama wote wa nyumbani wameridhia. Wakataka picha za uani. Ilichukua wiki mbili na nilikereka kidogo, lakini baadaye nilielewa: mbwa aliyekwisha kuachwa mara moja, kumrudisha tena ni kumjeruhi mara ya pili.

Siku ya kwanza

Tulitoka kabla ya alfajiri, mimi na mdogo wangu, tumelaza kiti cha nyuma na kupanga vitu: mashuka mawili makuukuu, taulo, bakuli, madumu ya maji, mikanda miwili ya kumfungia na mmoja wa kifuani. Mdogo wangu aliona mikanda imezidi. "Dada, ni mbwa mmoja tunamfuata, au kundi?" Nikamwambia atanishukuru, na siku ya tano alinishukuru.

Asubuhi yote lami ilikuwa nzuri. Mchana tulikuta maji yamepanda juu ya daraja, na foleni ya magari imenyooka mpaka huoni mwisho wake. Tukakaa pale saa tatu. Dereva wa lori lililokuwa mbele yetu alituita tukae kwenye kivuli cha tela lake. Alipojua tunakokwenda aliuliza mbwa mwenyewe ni wa aina gani, nikamwambia si wa aina yoyote, ni mbwa tu, tena mtu mzima. Akatikisa kichwa taratibu. "Mtu mzima ndiye mzuri. Huyo ameshajijua." Maneno yale nimeyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Tulilala pale usiku ulipotukuta.

Siku ya pili

Vumbi, mashimo, kisha lami tena. Tulifika jioni, kituo kimeshafungwa.

Siku ya tatu

Kelele ndiyo inayokupokea. Nilisoma siku za nyuma kwamba sauti ndani ya mabanda ya mbwa huweza kupita desibeli 100, nikadhani ni maneno ya vitabuni. Sivyo. Mbwa mmoja akianza, wote wanaitikia, sauti inagonga kuta na kurudi. Na wao husikia sauti nyembamba ambazo masikio yetu hayazifikii kabisa. Nilisimama dakika chache nikataka kutoka. Wao hukaa humo mchana kutwa.

Dada anayewahudumia alinieleza kwamba waliomo humo wamekuja kwa njia mbili. Wapo waliookotwa barabarani, na wapo waliokabidhiwa na wenyewe. Hao wa pili, alisema, mara nyingi ndio wanaoumia zaidi siku za mwanzo, kwa sababu jana walikuwa na kitanda, sauti wanayoijua na saa ya kula, leo hakuna hata kimoja. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1997 Michael Hennessy na wenzake walichunguza damu ya mbwa kwenye kituo kimoja nchini Marekani, wakakuta kotisoli, ile homoni ya msongo, iko juu sana katika siku tatu za mwanzo, karibu mara tatu ya mbwa wanaoishi majumbani. Kwa hiyo mbwa unayemwona kizimbani ananguruma au amejikunyata huenda siye atakayekuwa sebuleni kwako. Unamwona siku mbaya kuliko zote alizowahi kuishi.

Sifa hakubweka. Alikuwa palepale pa kwenye picha, mgongo ukutani. Dada yule aliniambia nisimwinamie wala nisimtazame usoni, nikae chini ubavu ubavu. Nikakaa kwenye sakafu yenye unyevu. Alipiga miayo, akalamba pua, akageuza kichwa pembeni. Zamani ningesema ana usingizi. Mtaalamu wa mbwa kutoka Norway, Turid Rugaas, ndiye aliyeifanya ijulikane sana lugha hii: miayo, kulamba pua, kugeuza uso, yote ni namna ya mbwa kusema "tulia, na mimi nitulie." Basi nami nikageuza uso wangu. Tukakaa hivyo, kila mmoja anaangalia upande wake, mpaka nikahisi pumzi kwenye kiwiko.

Ofisini walinipa faili lake. Chanjo zote zimeandikwa, ya kichaa cha mbwa na zile nyingine, ameshafungwa kizazi, ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Halafu pakawa na karatasi mbili zilizoandikwa kwa mkono, herufi kubwa zinazotetemeka kidogo. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mama mtu mzima, aliugua, watoto wakamchukua kwao, mahali pasipokubali mbwa. Fomu ya kituo ina nafasi ndogo tu ya kueleza tabia za mnyama. Yule mama aliona haitoshi, akaomba karatasi zaidi.

Ninanakili baadhi:

"Hapendi ufagio ukiinuliwa juu. Ukifagia chini hana neno."

"Usimfungie mlango usiku. Uache wazi kidogo, hata upana wa kidole."

"Usimwite mara mbili. Amesikia. Anafikiria."

"Akikuletea kiatu, hataki kukitafuna. Anataka ukae."

Mwishoni: "Nimeishi naye miaka sita na miezi minne." Hakuweka chochote baada ya hapo.

Nilizisoma mara tatu, na mdogo wangu akazisoma kimya, akatoka nje akasimama kwenye gari.

Nawasihi mnaokwenda kumchukua mbwa aliyekabidhiwa: ulizeni kama kuna chochote kilichoachwa na mwenyewe. Ulizeni alikuwa anaitwaje, anakula saa ngapi, amri gani anazijua na kwa maneno gani, ameishi na watoto au paka, na kama kuna shuka au nguo ya nyumba ya kwanza. Na nyinyi mnaolazimika kukabidhi, andikeni. Andikeni hata mabaya. Kama aliwahi kumng'ata mtu, semeni. Anayekuja nyuma yenu hana mahali pengine pa kuyajua hayo.

Siku ya nne

Nilikuja tayari kutia sahihi, lakini dada wa kituo akasema, "Leo mchukue ukalale naye. Kesho mrudi tuandikishane." Nilidhani ni kupoteza siku. Haikuwa hivyo, na ningekuwa na uwezo ningeomba kila kituo kifanye vile. Mwaka 2019 Lisa Gunter na wenzake walichapisha utafiti wa vituo vitano vya Marekani: mbwa waliotolewa kwenda kulala nyumba ya mtu usiku mmoja au miwili, kotisoli yao ilishuka, na waliporudi ilipanda ikaishia kiwango cha mwanzo tu, haikukizidi. Usiku mmoja wa utulivu ni mapumziko ya kweli kwake, hata kama hutamchukua.

Mama mwenye nyumba ya wageni alikuwa ametuambia jana yake kwamba mbwa hawaingii. Nilipomweleza tena asubuhi, na kumwonyesha cheti cha chanjo, alinyamaza akamtazama Sifa aliyesimama nyuma ya miguu yangu. "Mwanangu, kile chumba cha uani hakina mgeni. Kina mlango wa nje. Mlaze huko, asubuhi unifagilie." Alikataa nyongeza ya pesa. Jioni alileta mkeka wa zamani bila kuombwa.

Nilitandika shuka alilokuwa nalo kituoni, sikulifua. Harufu ile ndiyo kitu pekee anachokijua. Hakula. Alizunguka chumba akinusa kila pembe. Nikamwita, hakuja. Nikamwita tena, na tena, kwa sauti tamu ya kubembeleza, naye akageuka akaelekea ukutani. Saa ileile nikakumbuka karatasi, na nikaona aibu. Nikazima taa, nikaacha mlango wa ndani wazi upana wa kidole. Alfajiri nilimkuta amelala kwenye ule mwanya, pua upande wa nje, mkia upande wangu.

Siku ya tano

Tuliandikishana mapema. Ada ya kituo ilikuwa ndogo kuliko nilivyohofia, maana chanjo, kufungwa kizazi na chipu vimo ndani yake. Ukigawa matumizi yetu ya safari nzima mafungu kumi, matano yalikuwa mafuta, mawili malazi, moja ada, na mawili yaliyobaki ni chakula chetu, tairi na daktari. Weka akiba ya daktari, usiiguse njiani.

Jambo moja kuhusu chipu. Ni ndogo kama punje ya mchele, haina betri, na haimwonyeshi mbwa alipo. Inabeba namba tu, kwa kawaida tarakimu 15, na namba hiyo haina faida kama haikuunganishwa na simu yako. Pale ofisini karani alisoma namba kwa kifaa chake, akafungua kumbukumbu, na kwenye kioo nikaliona jina la yule mama na simu yake. Karani akalifuta, akaandika langu. Kazi ya dakika mbili. Nilitamani angeenda polepole kidogo.

Tulikuwa hatujampa chakula tangu usiku ili asichafukwe na tumbo njiani, maji tu kidogo kidogo. Hata hivyo alitapika mara mbili kabla ya saa nne, ndipo mashuka makuukuu yalipofanya kazi yake. Tulisimama kila baada ya saa mbili hivi. Hatukumwacha peke yake ndani ya gari hata kwa dakika za kulipia mafuta. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa panaweza kufika 34 kwa dakika kumi, na kushusha kioo kidogo hakusaidii kitu. Mbwa hana jasho la kumpoza mwili mzima kama letu, anategemea kuhema. Kituo kimoja cha mafuta mzee mlinzi alisogeza kiti chake akatuachia kivuli chote cha mti, akasimama juani mpaka tulipoondoka. Tulimwomba arudi akakataa.

Tairi lilipasuka alasiri, mahali pasipo na nyumba. Ilibidi kumteremsha Sifa ili gari liinuliwe. Mdogo wangu amepiga magoti kwenye tairi, mimi nimeshika mikanda yote miwili, mmoja wa shingoni na mmoja wa kifuani, lori likapita likipiga honi ndefu. Sifa alirudi nyuma kwa nguvu zote, akainamisha kichwa, na mkanda wa shingoni ukamvuka masikio ukabaki mkononi mwangu mtupu. Ule wa kifuani ndio uliomshika. Kwa pumzi moja niliona yote ambayo yangetokea: barabara, malori, na mbwa asiyejua hata jina la mahali alipo, asiye na mtu wa kumkimbilia.

Kijana mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli aliilaza chini. Hakuja mbio wala hakunyoosha mkono. Aliketi kwenye nyasi hatua kadhaa kutoka kwetu, akatupa mgongo, akaanza kupiga mluzi wa chini chini kana kwamba amepumzika tu. Sifa alimtazama. Miguu yake ikaacha kutetemeka, kisha akakaa. Tairi lilipokwisha, kijana aliinuka akasema, "Kwetu tulikuwa nao watatu," akapanda baiskeli. Sikumwuliza jina na imeniuma.

Mkanda wa kifuani na wa shingoni kwa pamoja, kila mlango wa gari unapofunguliwa, kwa wiki za kwanza zote. Mbwa wapya wakipotea, mara nyingi ni katika siku za mwanzo, mlango ukiwa wazi kidogo na mtu amegeuka.

Siku ya sita

Tulifika jioni. Nilikuwa nimewaomba wote wa nyumbani wasije kumpokea, wala jirani asiitwe. Tulizunguka naye uani kwanza, amefungwa, akanusa, akajisaidia, ndipo tukaingia. Usiku alikula nusu ya bakuli. Chakula kilikuwa kilekile cha kituoni. Walitupa cha siku kadhaa, na nilikibadilisha taratibu kwa kuchanganya kwa muda wa wiki nzima. Tumbo la mbwa likibadilishiwa ghafla huharisha, na hapo huwezi kujua kama ni ugonjwa au woga.

Safari iliishia hapo, lakini nimeendelea kuandika.

Baada ya kufika

Siku ya nane alianza kukohoa, kikohozi kikavu kama mtu aliyekwamwa na mfupa. Nilifadhaika sana. Daktari wa wanyama alimsikiliza kifua, akapima joto, halikuzidi. Akasema ni kikohozi kinachosambaa mahali mbwa wanapokaa wengi, na dalili zinaweza kujitokeza hata wiki mbili tangu aambukizwe. Wengi hupona kwa kupumzika, lakini asikutane na mbwa wengine, na akikataa kula au akipumua kwa shida arudishwe mara moja. Kilikoma baada ya siku kumi. Usingoje dalili, mpeleke kwa daktari wiki ya kwanza, na faili lote la kituo.

Siku ya kumi na moja mpwa wangu aliinua ufagio kuondoa utando wa buibui darini. Sifa alijikunja chini ya meza akakojoa pale pale. Karatasi ilikuwa imenionya. Mimi ndiye sikumwonya mtoto. Tangu hapo ufagio wa dari tunautumia Sifa akiwa nje, na karatasi zile nimezibandika jikoni zisomwe na kila anayeingia.

Watu wa mbwa hupenda kusema siku tatu za kutulia, wiki tatu za kuzoea, miezi mitatu ya kujiona yuko kwao. Ni kipimo cha kukisia tu, kila mbwa ana mwendo wake. Mimi kilinisaidia kutomdai kitu mapema.

Siku ya kumi na tano niliwatumia kituo picha, nikaomba imfikie yule mama kama familia itakubali. Jibu lilikuja baada ya siku mbili, kupitia kwao. Binti yake aliandika kwamba mama ameitazama picha asubuhi nzima, na ameuliza swali moja tu: "Ameshaleta kiatu?"

Nilijibu bado.

Siku ya ishirini na tatu. Kila jioni Sifa alikuwa akienda kulala mbele ya lango, uso barabarani, mpaka giza liingie. Sikumkataza. Siku hiyo mvua ilianza kudondoka matone makubwa. Nilisimama kibarazani nikamwita mara moja. Sikio lililosimama likageuka kunielekea, mwili haukutikisika. Mdomo ulikuwa unaniwasha kurudia, nikaufunga. Matone yalizidi. Akainuka, akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akaja kwa mwendo wake. Akanipita bila kunitazama, akaingia ndani. Nilisikia kucha zake zikienda mpaka chumbani, kimya, kisha zikirudi.

Kilikuwa kiatu changu cha kushoto. Alikiweka mbele ya miguu yangu akasimama.

Nikakaa.